Mtu wa Kituo cha Pampu

Ijumaa, 30 Januari

Lachance, mhariri wetu, ametangaza leo asubuhi: gazeti litasema Jumapili ya tarehe 8 linamuunga mkono nani. Siku mbili kabla ya kura ya mchujo ya kumpata mgombea urais wa chama. Bodi ni ileile ya watu watatu: yeye, Bibi Whitcher mwenye gazeti, na mimi. Kura mbili zinatosha.

Wa kujadiliwa ni wawili tu. Wengine sita wamo kwenye karatasi ya kura, lakini hapa mjini Tarbell hawamo kwenye mdomo wa mtu.

Seneta Prentiss Hale. Miaka ishirini na nne Washington. Sauti nzuri, suti nzuri, hajawahi kushikwa na uongo.

Gavana wa zamani Marian Oleson, kutoka Magharibi ya Kati ya nchi. Aliongoza jimbo lake miaka minane. Ana haraka, ulimi wake mkali, hukatiza watu. Anajulikana kwa jambo moja kuliko mengine yote — mafuriko ya Kettle Bend, miaka kumi na moja iliyopita. Wahandisi walimwambia tuta la mto litashika. Hakuwaamini, akahamisha mji mzima. Tuta likapasuka alfajiri.

Kanuni za mahojiano hazijabadilika. Saa moja kila mgombea. Hakuna msaidizi chumbani, hakuna karatasi, kinasa sauti katikati ya meza. Na sahani ya donati za sukari, ambayo Bibi Whitcher huiweka mwenyewe ili aone nani anakula. Ana miaka themanini na mbili, na anadai kipimo hicho hakijamwangusha.

"Anayekataa anaogopa sukari kwenye tai," alisema leo tena. "Mtu anayeogopa sukari, majenerali atawaweza?"

Lachance anamtaka Oleson. Bibi anamtaka Hale. Hawajasema, lakini nimekaa nao miaka thelathini na moja. Kwa hiyo itaamuliwa na kura yangu. Sikuiomba.

Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Gari liliwaka mara ya tatu.


Jumapili, 1 Februari

Mkutano wa Oleson sebuleni kwa Thelma Batchelder, Mtaa wa Kanisa. Jozi arobaini na tatu za viatu vya theluji mlangoni. Nimezihesabu, maana hiyo ndiyo hesabu pekee ya wahudhuriaji ninayoiamini. Kampeni yake imetangaza mia moja. Gavana naye alivua vyake. Soksi za sufu, moja imeshonwa kidoleni.

Alijibu maswali kwa dakika hamsini, amesimama kati ya piano na jiko la kuni. Bei ya mafuta ya kupasha nyumba joto, hospitali ya kaunti, vita. Alipokuwa hajui alisema hajui, mara mbili.

Clyde Merrow alisema bado hajaamua, amekutana na Gavana mara mbili tu.

"Mpe nafasi, Clyde," Thelma akamwambia. "Hata mkeo ulimwoa baada ya mara tatu."

"Ndiyo sababu safari hii nakwenda polepole."

Kisha mafuriko. Huwa anayaweka mwishoni. Watu elfu sita na mia mbili, mabasi mia moja, kituo cha wazee chote. "Na hakuna hata mmoja aliyekufa. Msiniamini mimi. Lisomeni gazeti lenu." Watu wakageuka kunitazama. Nikatazama daftari.

Nilikuwa mlangoni nikivaa viatu, mwanamume mmoja akaketi kwenye kibao karibu nami. Arlen Dufek, fundi mashine mstaafu, miaka sabini hivi. Alihamia hapa miaka tisa iliyopita ili akae karibu na binti yake. Namfahamu kwa sura tu, huwa tunakutana posta.

"Wewe ndiye uliyeandika ile ya hakuna hata mmoja?"

Nikasema ni mimi.

"Shemeji yangu alikufa siku ile. Kwenye kituo cha pampu. Loren Siebert."

Alisema hivyo huku akifunga kamba za viatu, bila kuinua kichwa. Nikamuuliza kwa nini hakusema mle ndani.

"Watu walikuwa wanakula keki ya Thelma." Akahamia kiatu cha pili. "Mimi sina ugomvi na yule mama. Dada yangu na watoto wake wako hai kwa sababu yake. Ila kila akisema hakuna hata mmoja — sasa Loren alikuwa nani? Gogo?"

Nilichukua namba yake ya simu. Nilimwambia nitahakikisha. Akasema, hakikisha.


Jumatatu, 2 Februari

Kosa ni langu.

Makala yangu ya wasifu wa Oleson ilitoka tarehe 14 Juni. Nimeifungua faili. Aya ya tisa: "Mji wa watu 6,200 ulizama bila kupoteza hata mtu mmoja." Nimelitafuta daftari la Juni, nikalipata ndani ya boksi chini ya dirisha. Pale nilikuwa nimenakili ripoti ya jimbo neno kwa neno: hakuna mkazi aliyehamishwa aliyepoteza maisha.

Mkazi aliyehamishwa. Mtu wa pampu hakuhamishwa. Alikuwa kazini.

Nakumbuka siku ile. Makala ilizidi mistari minne, nikaikata mwenyewe. Sikupunguza hoja, nilipunguza maneno — hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Sasa ona ilivyokwenda baadaye. Gazeti letu limerudia sentensi ile mara nne, kila mara likijinukuu lenyewe. Magazeti mengine mawili yalitunukuu sisi. Kipeperushi cha kampeni cha Septemba kikatunukuu sisi, na jina la gazeti chini kwa herufi za wino mzito. Mwezi Novemba nilimnukuu yeye akikisoma kipeperushi. Mimi kwake, yeye kwangu, na katikati hakuna mtu aliyepiga simu Kettle Bend.

Nimepiga leo. Karani wa kaunti, mama mwenye mafua, ameniambia jina hilo lipo na cheti atanitumia kesho akikipata.

"Nyie watu wa magazeti mlikuwa wapi miaka yote hii?" ameuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Nimemweleza Lachance mlango ukiwa umefungwa. Akavua miwani.

"Una hakika?"

"Nitakuwa na hakika kesho."

"Basi la kesho halitoki nalo." Anamaanisha toleo la Jumanne, linalochapwa leo jioni. Tunatoka Jumanne, Ijumaa na Jumapili. "Marekebisho yatakwenda Ijumaa. Alhamisi Gavana yuko hapa mezani. Muulize."

Nilimwambia marekebisho yatakwenda hata kama atajibu vizuri namna gani. Kosa langu halisubiri jibu lake.

"Nimesema hayatakwenda?" Ameudhika. Anamtaka Oleson tangu Septemba, na anajua kwamba najua.


Jumanne, 3 Februari

Cheti kimefika saa sita mchana. Loren Edward Siebert, miaka 58, mwendesha pampu. Kuzama. 19 Aprili, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Kampuni ya mazishi iliyomzika kule bado inatunza vitabu wanavyosaini waombolezaji. Mwenye kampuni amenisomea ukurasa wa Siebert kwa simu. Jina la kumi na saba: Marian Oleson. Mwandiko unasomeka, amesema.

Kwa hiyo alijua. Hakusahau, hakupotoshwa. Alikwenda mazishini.

Nimempigia Arlen Dufek kumjulisha kilichothibitishwa. Akasema, "Haya." Halafu akauliza kama hapa mjini theluji itaendelea hadi kesho.


Jumatano, 4 Februari

Seneta Hale, saa nne hadi saa tano. Alisema donati zinanukia vizuri sana, akamwomba Bibi ruhusa ya kumpelekea dereva wake moja. Hakula. Bibi alimsamehe papo hapo — alipenda hilo la dereva.

Hakukosea tarehe yoyote. Hakukosea jina. Mahojiano safi kuliko yote niliyowahi kuhudhuria, na ukurasa wangu wa daftari uko karibu mtupu.

Nilimuuliza uamuzi gani aliufanya ukawa na makosa, na nani aliulipia.

Akafikiri vizuri, kidole kwenye kidevu. Akasema anajuta kutokaa zaidi na watoto wake walipokuwa wadogo.

"Huo ni uamuzi wa Seneti?" Lachance akauliza.

"Ni uamuzi wa moyo, Everett."

Jioni nimepitia rekodi zake za kura. Kura saba ngumu katika miaka ishirini na nne, zile ambazo mtu hupoteza marafiki akipiga hivi na hupoteza kiti akipiga vile. Katika tano kati ya hizo hakuwepo ukumbini. Mara mbili aliumwa, mara tatu ndege ilichelewa. Hakuna uongo wowote hapo. Nimehakikisha hata ndege: zilichelewa.

Bibi Whitcher, akivaa koti lake: "Mtu msafi."

Lachance, Bibi alipokwisha kushuka ngazi: "Hata sahani isiyopakuliwa chakula ni safi."


Alhamisi, 5 Februari

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu nimesikiliza mkanda mara mbili na bado sijajua nifikiri nini.

Gavana Oleson aliingia saa nne kamili. Alichukua donati kabla hata hajakaa. Sukari kwenye koti la bluu. Bibi Whitcher akaandika kitu.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa za kawaida. Majibu mafupi, mengine makali. Alimkatiza Lachance mara tatu. Bibi alipomuuliza kwa nini watu wa ofisi yake humkimbia, alisema wanane wamemkimbia na wawili walikuwa na haki.

Dakika ya ishirini na mbili nikauliza: "Gavana, Kettle Bend walikufa watu wangapi?"

Hakunitazama. Alitazama kinasa sauti.

"Mmoja. Loren Siebert."

"Jumapili ulisema hakuna."

"Jumapili nilisema gazeti lenu limeandika hakuna."

Lachance akakohoa. Nikasema hilo ni jibu la wakili.

"Mimi ni wakili." Kisha akaiweka donati kwenye kitambaa cha karatasi. "Ngoja. Nianze upya."

Akasema hivi, nami nanakili kutoka mkandani: "Makala yako ilipotoka nilikuwa kwenye gari. Nilisoma, nikasema hapa pana kosa, wapigieni. Meneja wangu akaniambia, si wewe uliyesema, ni wao, na hawakuuliza. Nikanyamaza. Kisha likawekwa kwenye kipeperushi, nikaona, nikanyamaza. Mara ya kwanza kulisema mwenyewe ilikuwa mwezi Oktoba, kwenye ukumbi wa maveterani. Nilifika nyumbani nikaumwa tumbo."

"Na mara ya pili?" Bibi Whitcher akauliza.

"Mara ya pili sikuumwa, mama."

Bibi akaweka kalamu chini.

Nilimwonyesha cheti na rasimu ya marekebisho. Alisoma yote mawili, akasema ni sahihi, akaomba neno moja tu: tusiandike "mfanyakazi" bali jina lake. Lilikuwa limeandikwa tayari kwenye mstari wa pili. Akaona, akasema samahani. Hakuomba tusichapishe. Hakuuliza yatatoka lini.

Alipoondoka tulibaki watatu mezani.

"Miezi minne anadanganya watu sebuleni mwao," Bibi akasema. "Bila viatu!"

"Na ameungama kwa dakika moja," Lachance akasema. "Nionyeshe yule wa jana ameungama nini."

"Yule wa jana hakuwa na la kuungama."

"Ndicho ninachosema, Constance. Hana."

Bibi akanigeukia. "Wewe, Rosalie, huna hasira? Amekutumia."

Nikamwambia sentensi ile nilimpa mwenyewe, tena nimeichonga vizuri, fupi, rahisi kubeba. Akasema hilo si jibu. Ni kweli, si jibu.

Lachance anadhani mtu anayeweza kusema "mara ya pili sikuumwa" anajijua, na anayejijua anaweza kukaa kwenye kile kiti. Bibi anadhani mtu aliyezoea uongo mdogo kwa miezi minne atazoea mkubwa kwa miaka minne. Mimi naona wote wawili wana hoja. Sijazoea kuona hivyo. Kwa kawaida mmoja wao huwa anasema upuuzi.


Ijumaa, 6 Februari

Marekebisho yametoka. Ukurasa wa pili, safu ya kushoto, chini ya ramani ya hali ya hewa, mahali pake pa siku zote:

"Katika makala ya tarehe 14 Juni, na katika matoleo manne yaliyofuata, gazeti hili liliandika kwamba hakuna mtu aliyekufa katika mafuriko ya Kettle Bend. Si kweli. Loren Siebert, 58, mwendesha pampu, alikufa akiwa kazini. Kosa ni la mwandishi Rosalie Fecteau."

Hadi saa sita simu kumi na tisa. Mmoja ameniita kibaraka wa Hale. Mwingine, robo saa baadaye, ameniita kibaraka wa Oleson, kwamba tumelificha chini ya hali ya hewa. Clyde Merrow amepiga kuniambia kwamba mwaka ule niliandika vibaya uzito wa samaki wake, na hilo nalo halijarekebishwa.

Meneja wa kampeni ya Oleson naye amepiga. Kwa kifupi: je, tunajua kura za maoni zinatofautiana kwa pointi mbili tu. Nikasema tunajua, tumezichapisha.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimekwenda mgahawa wa Duquette, alikokuwa Gavana akisalimia watu wakinywa chai. Nilitaka kusikia. Akaenda hivi: mafuta, hospitali, vita, ahsanteni. Hakuyagusa mafuriko. Aliyaruka kama mtu anavyoruka ngazi anayojua ni mbovu.

Nimeandika kwenye daftari: ameruka. Nikapigia mstari, nikaufuta.

Si uongo. Si kweli pia. Gazeti lilikuwa mezani pale, kati ya chupa ya sharubati na yai la mtu, na hakuna aliyemuuliza. Mimi pia sikumuuliza — sikutaka kuwa habari mara mbili siku moja.

Kesho Gavana ana mkutano wake wa mwisho hapa, ukumbi wa zimamoto, saa kumi na nusu. Bodi inakaa saa kumi na mbili jioni. Mtambo wa kuchapa unawashwa saa mbili usiku. Lachance ana tahariri mbili tayari, kila moja na jina la mgombea wake. Anasema ile ya Hale ni nzuri zaidi, na hilo linamkera.

Arlen Dufek amepiga jioni. Ameyasoma marekebisho. "Umeandika vizuri," akasema. Kisha: "Kesho nitakwenda zimamoto."

Nikamuuliza kama atasema kitu. Akasema hajui, itategemea maegesho.


Jumamosi, 7 Februari

Naandika ndani ya gari, nyuma ya ukumbi wa zimamoto, injini inanguruma ili vidole vifanye kazi. Nitaandika nilichokiona kwanza.

Watu mia moja na thelathini hivi, viti vyote vimejaa. Kamera za televisheni hazikuwepo, zote ziko kwa Hale, Manchester, mji mkubwa wa jimbo letu. Mwandishi alikuwa mimi peke yangu. Arlen safu ya nne, pembeni, kofia magotini.

Gavana alizungumza dakika kumi bila karatasi. Nilidhani ataruka tena. Badala yake akasema: "Gazeti la jana limejirekebisha kuhusu mimi. Mtakuwa mmesoma. Nataka niongeze kitu kwenye marekebisho yale, maana hayajakamilika."

Nikageuza ukurasa.

"Yamesema Loren Siebert alikufa akiwa kazini. Hayakusema nani alimwacha kazini."

Kisha akaeleza, bila haraka, na huyu ni mtu wa haraka. Saa kumi alfajiri mhandisi alitaka kuwatoa watu wote wa pampu. Mabasi arobaini yalikuwa hayajavuka daraja la chini, ya wagonjwa yakiwemo. Pampu zingezimwa, daraja lingefunikwa na maji. Gavana mwenyewe akapiga simu kituoni. Aliyepokea ni Siebert. Akamwomba abaki kwa muda wa saa mbili. Siebert akasema sawa, mama, saa mbili naziweza.

"Basi la mwisho lilivuka saa kumi na moja na nusu. Nilitakiwa nipige simu kumwambia atoke. Sikupiga. Nilisahau. Nilikuwa na laini kumi na mbili na watu wakipiga kelele, nikasahau. Si kwamba laini zilikatika. Nilikumbuka saa moja kasorobo, na simu haikupokelewa."

Hili halimo kwenye ripoti ya jimbo. Halimo popote. Nimeisoma ripoti ile kurasa zote mia mbili na nne, wiki hii.

Mzimamoto mmoja aliyesimama karibu na mlango alitoka nje na hakurudi. Simu tatu zilikuwa juu zikirekodi, nimeziona.

Arlen akainuka. Alijitaja jina, akasema Loren alikuwa shemeji yake. Gavana alishika ukingo wa meza. Sidhani alikuwa anajua kwamba Arlen yumo.

"Saa mbili ziliisha saa kumi na mbili," Arlen akasema. "Alikufa saa kumi na mbili na dakika arobaini."

"Ndiyo."

"Alikuwa akikusubiri."

"Nadhani ndiyo, bwana."

"Dada yangu anajua?"

"Hapana. Nilimwandikia barua. Hilo sikuliandika."

"Miaka kumi na moja, mama. Kwa nini leo?"

"Alhamisi gazeti liliniuliza walikufa wangapi. Nilijibu, wakaridhika. Hakuna aliyeuliza alikufa kwa nini. Nikatoka pale nikijiona nimepona. Asubuhi yake kule mgahawani nikaona bado."

Hapo alinitazama, mara moja tu, bila ubaya. Ana haki. Miaka thelathini na moja ya kazi, nikapata jina, tarehe, saa na dakika, nikafunga daftari. Swali la pili hufundishwa wiki ya kwanza.

Arlen alivaa kofia, akatoka. Mkutano uliendelea robo saa nyingine, maswali mawili, yote kuhusu mafuta ya kupasha nyumba. Hakuna aliyepiga makofi mwishoni, isipokuwa Thelma Batchelder, na yeye huwapigia wote.

Nilimkuta Arlen hapa nje, mlango wa lori lake uko wazi, simu mkononi. Nikamwambia nitaandika yote aliyoyasema, na gazeti litachapwa saa mbili.

"Najua. Na wale wenye simu wameshayatupa huko hewani." Alikuwa akitafuta namba. "Dada yangu Joyce hasomi magazeti ya huku. Lakini jirani zake wana midomo. Niache kwanza niseme naye. Asisikie kwako, asisikie kwa jirani."

Nikasema nitasubiri. Akasema akimaliza atawasha taa za mbele.

Hiyo ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano.

Lachance amepiga mara mbili. Mara ya kwanza: Bibi ameshaiona hotuba kwenye simu ya mjukuu wake. Anasema sasa basi, mtu amekufa kwa kusahauliwa, na yule mama anaomba apewe nchi nzima asiisahau. Mara ya pili alisema yake mwenyewe: "Rosalie, nani mwingine angesema vile siku tatu kabla ya kura? Nani? Yule wa ndege zilizochelewa?" Nikamwambia sijui. "Unajua," akasema. "Uko wapi?"

Nimeandika habari kwenye magoti, aya kumi na moja. Aya ya kwanza nimeibadili mara nne. Sasa inasomeka: gavana alimwomba abaki, akasahau kumwambia aondoke. Sijaikata popote. Nimeacha nafasi aya ya sita kwa ajili ya Joyce Siebert, kama atataka kusema. Asipotaka, nitaandika kwamba hakutaka.

Karatasi ya bodi nimeikunja kwenye mfuko wa koti. Majina mawili, moja la kuwekewa alama. Asubuhi nilidhani nitaijaza baada ya kumsikia. Nimemsikia, na bado ni tupu. Mabasi arobaini yalivuka. Mtu mmoja alisubiri simu. Vyote viwili aliamua yeye, na vyote viwili nimevipata kutoka kwake, si kutoka kwangu.

Lori lake liko hatua kumi kutoka hapa. Kioo kimeshika barafu, lakini upande wa dereva amepangusa, namwona. Simu iko sikioni. Haongei, anasikiliza. Ameweka mkono mmoja kwenye usukani kama mtu anayeendesha.

Taa bado. Saa kumi na moja na dakika thelathini na nne. Bodi saa kumi na mbili.